UZI: Nimelala usiku mmoja katika hoteli kubwa ya Lubumbashi pamoja na mama mdogo aliyefua mashuka ya hoteli miaka 19

Mshonaji_Katuba

Jambo bakubwa, jambo na ninyi ndugu wa Dar, Bujumbura, Mombasa na kokote mnakosoma. Uzi huu utakuwa mrefu, nitaushusha kwa vipande kwa sababu nina nguo za harusi mezani.

Aliyenilea ni mama mdogo, mdogo wake mama yangu. Miaka 19 alifanya kazi katika buanderi ya hoteli moja hapa mjini. Buanderi ni chumba cha kufulia, huku kwetu neno hilo la Kifaransa limeshakaa. Miaka 19 ya mashuka, taulo, vitambaa vya meza na zile nguo nzito za kutokea bafuni. Mikono yake hadi leo ina ngozi laini isiyo ya kawaida kwenye vidole, sabuni iliila. Siku moja nikiwa namshonea foronya mpya akaniambia, bila uchungu wowote, kwamba hajawahi kulala juu ya shuka la hoteli. Amelikunja mara ngapi haijulikani, lakini kulilalia, hapana. Neno hilo likanikaa.

Nikaweka akiba miezi saba. Mwezi wa saba mwaka jana nikampeleka. Jina la hoteli sitalitaja, tafadhali msiniulize, maana kuna baya moja nitalisema na mazuri mengi. Jueni tu kwamba si ile aliyofanyia kazi. Ile alikataa.

Kuhusu tarehe, huu ni ushauri wa bure. Usijaribu mwezi wa sita ile wiki ya maonyesho makubwa ya migodi. Lubumbashi yote inajaa wageni, kila chumba kizuri kimeshachukuliwa. Mimi nilichagua Jumamosi. Dada wa mapokezi alinieleza kwenye simu kwamba wateja wao wengi ni watu wa migodi na biashara, wanaokuja Jumatatu na kuondoka Ijumaa, kwa hiyo bei ya Jumamosi hushuka. Chumba cha vitanda viwili kikawa dola 190, kodi ikiwa ndani na chai ya asubuhi ikiwa ndani. Muulize hilo kabisa kabla ya kukubali, kwa sababu TVA ya kwetu, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16, na ikija juu ya bei baadaye inauma.

Sasa siku yenyewe. Mama mdogo alivaa kikwembe (kitenge) chake cha Pasaka na kilemba. Tukashuka kwenye taksi mbele ya geti. Kabla sijamlipa dereva namwona anatembea, tena kwa haraka, anaelekea ubavuni mwa jengo, kule kwenye mlango mdogo wa chuma ambako magari ya mboga huingilia. Hoteli hii hakuwahi kuingia maishani mwake. Miguu yake iliujua tu upande wa wafanyakazi uko wapi. Nikamkimbilia, nikamshika mkono. Akasema, "Mama, huku mbele ni njia ya bakubwa. Yetu iko kule."

Nikamwambia leo njia yetu ni hii.

Na hapo ndipo baya lenyewe. Mlinzi wa geti akatutazama, akamtazama mama mdogo na kikwembe chake, akauliza tunamtafuta nani jikoni. Nikamwonyesha namba ya chumba tulichowekewa. Akasoma mara mbili. Akafungua. Hakusema pole. Mimi nilitetemeka hadi kwenye ngazi, mama mdogo ndiye aliyenituliza.

Naendelea jioni.

Kamalondo_Damu

Nipo mstari wa mbele, yaya (dada mkubwa). Huyo mlinzi simlaumu peke yake. Mji huu ulianzishwa 1910 ukiwa Élisabethville, na kati ya mji wa wazungu na cité yetu ya Kamalondo, yaani mtaa wa watu weusi, waliacha ukanda mtupu wa kutenganisha watu. Babu yangu alikuwa akiingia mjini asubuhi kufanya kazi na kutoka jioni. Jina la mji limebadilika tangu 1966, lakini lile jicho la kumuuliza mtu mweusi wa kikwembe "unamtafuta nani" bado liko mlangoni, na sasa ni la kwetu wenyewe.

Mwanza_Ziwani

Dada endelea, mimi Mtanzania nimeshavuta kiti. Ila swali moja la haraka: huko mnalipa kwa dola kabisa au faranga?

Mapokezi_Usiku

Nafanya kazi mapokezi, Lubumbashi hapahapa, hoteli sitaji. Namjibu wa Mwanza. Zote mbili zinapokelewa, lakini bei ya vyumba huandikwa kwa dola. Na dola yenyewe iwe safi! Noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha, au iliyoandikwa kalamu, watu hapa hawaitaki, kuanzia muuza nyanya hadi benki. Noti za zamani za picha ndogo usije nazo kabisa. Halafu kuna amana: tunashika pesa au kadi kwa ajili ya vinywaji vya kwenye friji ya chumbani na uharibifu. Asubuhi unarudishiwa. Mgeni asiyejua akifika na pesa kamili ya chumba tu, anaaibika bure mbele ya watu, na mimi huwa naumia.

Mshonaji_Katuba

Asante Mapokezi, umenisemea. Mimi amana walinitaka dola 100, na noti moja ya 20 ilikataliwa kwa mpasuko ambao mimi mshonaji mwenye macho ya sindano sikuuona. Bahati nilikuwa na nyingine kwenye soksi.

Kipande cha pili.

Chumba kilikuwa ghorofa ya nne. Mfanyakazi kijana akatubebea kibegi chetu kimoja, akatuonyesha taa, sefu, maji ya moto, jinsi ya kuongeza joto. Mwezi wa saba Lubumbashi ni baridi, ndugu zangu msiojua. Tuko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, usiku wa kiangazi unatafuna. Kijana alipotoka, mimi nikaenda dirishani. Nikaona miti, taa za barabara, na mbali kule lile bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba na terili yake, kile kilima cheusi cha mabaki. Nikageuka nimwite mama mdogo aje aone.

Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda.

Nilidhani anasali. Kumbe ameinua pembe ya godoro anatazama shuka lilivyokunjwa chini yake. Akapitisha kiganja juu, taratibu, toka upande wa kichwa hadi miguuni. Akaligeuza, akatazama pindo upande wa ndani. Akainua mto, akaunusa. Halafu akaketi sakafuni akaniambia, kwa Kiswahili chetu: "Hii balipiga pasi ingali na maji-maji. Bako na mashini ya muzuri."

Mimi nashona miaka 14 na sikujua haya, kwa hiyo nayaandika kama alivyonieleza usiku ule. Shuka la hoteli halikaushwi likakauka kabisa. Hutolewa kwenye mashine likiwa na unyevu kidogo, watu wawili wanalishika ncha, wanaliingiza kwenye silinda kubwa la moto linalozunguka, linatokea upande wa pili limenyooka kama karatasi. Likikauka kabla, makunyanzi hayatoki tena hata uning'inie juu ya pasi. Mashuka ni meupe kwa sababu moja kubwa: jeupe unaweza kulitia javeli (dawa ya kung'arisha nguo) na maji ya moto bila kuogopa rangi kutoka, na doa haliwezi kujificha kwa mgeni wala kwa mfuaji. Kila kitanda kina angalau mashuka seti tatu. Moja iko kitandani, moja iko majini, moja imepumzika kabatini. Hoteli ikianza kubana matumizi, ile seti ya kupumzika ndiyo huondolewa kwanza, na mama mdogo akigusa tu shuka anajua. Linakuwa jembamba katikati, pale mabega yanapolala. La chumba chetu lilikuwa nene kote.

Akataja na maadui wake. Vipodozi vya uso kwenye taulo. Mafuta ya mawese. Damu, ambayo wasiojua huitia maji ya moto na kuipika ndani ya kitambaa, kumbe ni maji baridi tu. Lakini adui mkubwa kuliko wote kwa Lubumbashi ni vumbi letu jekundu, na wageni wanaofutia viatu kwa taulo nyeupe. Aliposema hivyo sauti ilipanda. Miaka 19 na bado linamkera. Nawaomba jamani, anayesoma hapa na kulala hotelini: usifutie kiatu kwa taulo. Kuna mtu chini ya jengo atakayekesha nalo.

Fundi_Katuba

Yaya heshima kwako, lakini nitasema ukweli wangu. Dola 190 kwa usiku mmoja? Katuba hapa hiyo ni mifuko ya saruji, ni bati, ni makala (mkaa) ya miezi mingi. Huyo mama angefurahi zaidi ukimtengenezea choo au ukimlipia dawa. Asubuhi ilipofika, ulikuwa na nini mkononi?

MamaWaRuashi

Fundi, wewe mama yako ulishawahi kumuuliza anataka nini? Sisi wamama tunajengewa choo kila mwaka kwenye maneno ya watoto.

Kamalondo_Damu

Fundi ana haki ya kuuliza. Pesa ya mji huu ni ngumu. Ila tumwache amalize.

Mshonaji_Katuba

Fundi, kaka, sikuchukia. Swali lako nilijiuliza mwenyewe miezi yote saba. Choo kipo, nilikijenga 2019. Bati lipo. Dawa ya presha ananunuliwa kila mwezi na haijakatika. Nisingefanya hili kama hayo hayapo, na simshauri mtu aache dawa ya mzazi ili alale hotelini.

Lakini nitakueleza kwa nini sijuti. Mtu amefanya kazi miaka 19 upande mmoja tu wa ukuta. Kitu alichokitengeneza kwa mikono yake hakukiona kikifanya kazi. Seremala huketi kwenye kiti chake. Mimi nikishona gauni, naalikwa harusini naliona likicheza. Yeye alikunja shuka, likapanda kwa kitoroli, basi. Nilitaka alione mwisho wake.

Sasa usiku wenyewe. Alioga kwa maji ya moto nusu saa nzima. Nyumbani maji ya kuoga tunayapasha kwa makala, unajua kila kikombe kimegharimu nini, huwezi kuoga bila kuhesabu. Nilisikia maji yanamwagika na yeye anaimba wimbo wa kanisani, polepole. Chakula hatukula hotelini, bei ilikuwa juu, na sikuona aibu: tulikuja na bukari (ugali), sombe (kisamvu) na samaki wa kukaanga kwenye bakuli la mfuniko. Tukala mezani pale chumbani, tukasafisha, mabaki tukafunga tukaondoka nayo ili chumba kisinuke. Hoteli nyingine zinakataza chakula cha nje, kwa hiyo ulizeni kwanza. Mimi niliuliza.

Halafu ndani ya kabati akakuta karatasi ya bei za kufua nguo za wageni. Shati, dola 5. Suruali, dola 6. Suti, sitasema. Akaisoma mstari kwa mstari kwa kidole, amevaa miwani yangu. Hakusema neno. Akaikunja pale pale ilipokuwa na mkunjo wake wa awali, akairudisha.

Usiku wa manane umeme ukakatika. Giza, kimya, halafu mtetemo mdogo na taa ya korido ikarudi. Nikamsikia kitandani kwake anahesabu: tano, sita, saba. Kumbe alikuwa macho. Akaniambia zamani kwao umeme ukikatika na mashine ina mashuka ndani ya javeli, wanawake wote walikimbia, kwa sababu shuka likikaa humo muda mrefu linaoza na lawama ni yao. Walikuwa wakiyatoa kwa mikono gizani, maji yakiunguza. Ndipo nikaelewa vile vidole.

Fundi_Katuba

Nimesoma. Neno langu la choo nalirudisha, yaya. Sikujua kama kipo.

Kuhusu umeme niongeze maana ndiyo kazi yangu. Sehemu ya moto wetu, yaani umeme, inatoka bwawa la Inga kule magharibi, laini ya kilomita kama 1,700 hadi Kolwezi, na migodi inauvuta mwingi kabla haujafika kwenye nyumba. Hoteli kubwa ina jenereta inayojiwasha yenyewe. Sekunde saba ni nzuri, maana yake kuna mtu anaitunza. Ukienda hoteli yoyote Lushi (Lubumbashi) uliza jenereta inabeba nini: taa tu, au na maji ya moto na lifti? Kuna sehemu lifti haimo.

Mwanza_Ziwani

Dada asubuhi tafadhali. Chai ilikuwaje?

Mshonaji_Katuba

Asubuhi ndiyo nilikuwa naisubiri niiandike.

Mama mdogo aliamka kabla ya mwanga, kama siku zote. Mimi nilitaka kulala, chumba nimekilipia mimi! Nikamkuta amevaa, kilemba kimefungwa, ameketi kwenye ukingo wa kiti. Akaniuliza kama ni vibaya kuomba kuona buanderi yao. Nikasema tujaribu.

Mapokezi wakampigia simu guvernanti, yaani mama msimamizi wa vyumba. Nilitarajia tukataliwe. Akaja mwanamke wa makamo mwenye funguo kiunoni, nikamweleza kwa kifupi. Akamtazama mama mdogo, si nguo zake, mikono. Akasema, "Karibu, Mama. Mulitumika wapi?" yaani mlifanya kazi wapi. Mama mdogo akataja. Yule mama akashika kichwa: shangazi yake alitumika hapohapo, miaka ileile. Wakasalimiana upya, safari hii kwa mikono miwili.

Tukashuka chini ya ardhi. Joto la kule ni kama mdomo wa tanuri, hata mwezi wa saba. Mashine kubwa tatu, vikaushio viwili, na lile silinda. Wasichana wawili walikuwa wanaingiza mashuka, mmoja mpya, wa wiki ya pili. Shuka lilikuwa linaingia upande, likitoka lina mkunjo wa pembeni, wanalirudisha. Mama mdogo akasimama kando akaangalia kama matatu hivi, amefunga mikono nyuma. Nikajua hatavumilia. Akamwomba guvernanti ruhusa. Akanawa mikono, akamsogelea yule msichana mpya, akamwonyesha: usishike ncha, shika kiganja kimoja ndani ya pindo, vuta kwanza kuelekea kwa mwenzako mpaka usikie kitambaa kimesema "tap", ndipo uachie. Wakaingiza. Likatoka limenyooka. Wakaingiza la pili, la tatu. Msichana akacheka kwa furaha kabisa, akasema "Aksanti, Mama." Mama mdogo akabaki pale, na mimi nikasimama nimeshika mkoba wake, dakika ishirini au zaidi. Hakuna aliyetuharakisha.

Guvernanti akanieleza jambo ambalo nataka mlijue nyote. Bahasha ya shukrani ambayo mgeni huiacha mezani huchukuliwa na anayesafisha chumba, na ni haki yake. Ile ya mapokezi hubaki mapokezi. Haishuki chini. Hakuna mgeni anayewaza kuna watu chini. Akasema ukitaka iwafikie wafuaji, mpe msimamizi mkononi na useme wazi ni ya buanderi.

Chai, wa Mwanza: mkate wa aina nyingi, mayai unapikiwa mbele yako, papai, nanasi, uji wa wageni wa maziwa. Mama mdogo alikunywa chai ya tangawizi na kula mayai na mkate, akanywa tena chai. Hakuona haya kuinuka mara ya pili.

Saa sita mchana ndiyo mwisho wa chumba. Amana walinirudishia yote. Wakati wa kutoka, mlinzi alikuwa mwingine.

Mapokezi_Usiku

Nimesoma hiki kipande nikiwa zamu. Nathibitisha la bahasha, ndivyo lilivyo hata kwetu. Miaka yangu sita sijawahi kuona mgeni akiulizia wafuaji. Na la mlinzi nitalipeleka kwenye kikao chetu, hata kama si hoteli yetu. Mtu akishuka kwenye taksi anaulizwa "karibu, tuwasaidie nini", basi, awe na suti au kikwembe.

MamaWaRuashi

Nimelia, mama. Mungu ampe miaka. Sasa na mimi nina shida ya nyumbani: sare nyeupe za watoto na hili vumbi letu la Ruashi. Natia javeli, ndiyo kwanza doa linakuwa la kahawia na halitoki tena. Muulizie.

Mshonaji_Katuba

Nimemuuliza sasa hivi, yuko nje anasonga bukari. Anasema hivi, na amesisitiza niandike vizuri.

Usianze na javeli. Vumbi jekundu lina chuma ndani, na javeli inalifunga doa badala ya kulitoa. Acha tope likauke, lipigepige na kulipiga brashi, liondoke vumbi lote likiwa kavu. Loweka kwenye maji baridi na sabuni usiku mzima. Asubuhi sugua, suuza. Kama kivuli cha doa bado kipo, kamulia ndimu, tia chumvi kidogo, anika juani likiwa na unyevu, jua la saa nne hadi saa saba. Suuza mpaka harufu ya ndimu iishe kabisa ndipo ufikirie kitu kingine. Na ndimu au siki visikutane na javeli kwenye beseni moja hata siku moja, unatoka moshi wa sumu. Kwao mwenzake mmoja alizimia hivyo.

Anauliza pia sare ni pamba tupu au ya kuchanganya. Ukijibu nitamsomea.